Neno "nionyeshe" halimo: mwongozo wa istikhara kwa siku za giza

Mwaka 2021 nilikaa karibu wiki tatu nikingoja ndoto. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa nusunusu, zikafungwa tena Juni 2021, na sisi walimu wa shule za watu binafsi hapa Busia, mpakani na Kenya, tulikuwa tumeshasahau mshahara unafananaje. Akatokea wakala mmoja wa kupeleka wanawake Saudia kufanya kazi za ndani. Nafasi ipo, akasema, ila jibu analitaka upesi. Nikaswali istikhara, zile rakaa mbili na dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie, nikalala. Asubuhi hakuna kitu. Nikaswali tena. Usiku wa nane nikaota mbuzi anatafuna kandambili zangu.

Shoga yangu akasema hiyo ni safari, maana viatu ni safari. Mama mkwe akasema hiyo ni kukaa, viatu si vimeliwa?

Nikaenda kwa ustadhi mzee anayesomesha watoto mtaani kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, habari ya mbuzi ikamchekesha, kisha akasema: "Binti yangu, hebu nisomee ile dua." Nikaisoma. "Sasa nifasirie kwa Kiswahili, taratibu." Nikafasiri. "Haya. Neno 'nionyeshe' umelikuta wapi?"

Halimo. Dua hiyo niliihifadhi nikiwa na miaka kumi na miwili, na siku zote hizo sikuwahi kuona kwamba halimo. Unamwomba Mwenyezi Mungu akukadirie, akurahisishie, akubarikie, akuepushe, akuridhishe. Kuonyeshwa huombi popote. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani nikingoja barua ambayo sikuiomba.

Mwongozo huu umetokana na swali la yule mzee. Nimewaandikia Waislamu wenzangu ambao mambo yamewafunga na bado kila siku inawataka waamue: nikope au nisikope, nihame au nikae, nimkubali au nimkatae. Asiye Mwislamu nadhani hatua ya pili, ya tatu na ya nne zitamfaa vilevile.

Kabla ya yote, tusichanganye na kutazamia

Waarabu wa zamani walikuwa na mishale ya kupigia ramli. Mtu akitaka kusafiri au kuoa, mishale inatikiswa, mmoja unatolewa, nao ndio unaosema fanya au usifanye. Qur'ani ikaipiga marufuku, na katika Surat al-Maida aya ya 90 imetajwa pamoja na pombe na kamari. Mahali pake Mtume (s.a.w.) akaweka rakaa mbili na dua. Sahaba Jabir bin Abdillahi anasimulia, na Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, ameipokea, kwamba Mtume alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani.

Kwa hiyo ukifungua msahafu popote na kudonoa aya kwa kidole, ukihesabu punje za tasbihi kama zitaishia witiri au shufwa, yaani idadi isiyogawika kwa mbili au inayogawika, ukaifanya ndoto kuwa hakimu wa ndiyo na hapana, umeirudia mishale ile ile. Umeivalisha kanzu tu.

Na wapo wanaoiuza. Utaambiwa leta jina lako na la mama yako na laki moja, shehe "atakulalia" usiku akupe majibu. Maneno ya hadithi ni haya: mmoja wenu *anapokusudia jambo*, na aswali rakaa mbili. Mwenye jambo ndiye mwenye kuswali. Shehe muombe akuombee dua, hilo ni jema na halina bei.

Hatua ya kwanza: angalia kama jambo lenyewe ni la istikhara

Yaliyo wajibu hayaswaliwi istikhara, na ya haramu pia. Deni limefika siku yake na pesa unayo: lipa. Kijana mmoja hapa mpakani aliniuliza kama afanye istikhara kuhusu kuvusha sukari usiku kwa njia za panya. Nilimwambia aswali isha alale.

Kuna pia mambo yaliyokwisha kujibiwa. Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, watu walikuja na swali la kwenda huko msibani au kutokwenda. Jibu lake lina umri wa miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu, nitalifikia kwenye hatua ya nne.

Na vile vidogo vidogo, leo nipike posho (ugali) au ndizi, nipite njia gani, havihitaji kufungiwa mlango na kutandikiwa mswala. Kila rakaa unasoma *Ihdinas-swiratal-mustaqim*, tuongoze njia iliyonyooka. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku. Umeshaomba uongozi mara 17 kabla hujagusa sunna, na mimi nadhani wengi wetu tungepata nusu ya tunachokitafuta kama tungekuwa macho pale.

Istikhara ni ya njia mbili za halali, au zaidi, ambazo hujui ipi ina kheri nawe.

Hatua ya pili: lifanye liwe "jambo hili"

Katika dua kuna maneno *hadhal-amra*, jambo hili, na hapo ndipo unapolitaja. Huwezi kutaja "maisha yangu". Huwezi kutaja "shida zote".

Giza lina tabia ya kufunga mambo pamoja. Kodi ya nyumba, karo, homa ya mtoto, mume aliyenyamaza tangu Jumapili, yote yanakuwa zigo moja ambalo huwezi hata kulitafutia pa kushika. Chukua karatasi. Andika kila kinachokusumbua, hata kile cha aibu. Kisha zungushia kimoja tu, kile chenye tarehe ya karibu. Vingine viache vilale hapo kwenye karatasi, havitakimbia.

Hicho kimoja kiandike upya kama swali la ndiyo au hapana, lenye kiasi, tarehe na watu wanaohusika. Swali langu la kwanza lilikuwa "Niende Saudia?" Ustadhi akanirudisha nyumbani nikaliandike vizuri. Likawa hivi: "Je, nitie sahihi mkataba wa miaka miwili na wakala huyu kabla ya mwisho wa mwezi, watoto wakibaki kwa mama mkwe?"

Nilipomaliza kuandika ndipo nilipogundua kwamba mama mkwe mwenyewe sijamuuliza. Wiki tatu namwuliza Mungu, na bibi mwenye kulea anapika maharage chumba cha pili.

Hatua ya tatu: mfunge ngamia

Tirmidhi, naye mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba mtu alimwuliza Mtume (s.a.w.): nimfunge ngamia kisha nitegemee, au nimwachie nitegemee? Akamwambia mfunge, kisha tegemea. Sisi tunapenda nusu ya pili.

Kumfunga ngamia maana yake ni kutafuta yale unayoweza kuyajua kwa miguu na macho yako kabla ya kuomba yale usiyoweza kuyajua. Nitaeleza kwa mambo matatu yanayoletwa sana kwetu.

Kazi ya nje. Kampuni ya kupeleka watu nje inatakiwa iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Omba uonyeshwe leseni, kisha uliza wizarani kwenyewe kama ni hai, usitosheke na karatasi iliyowekewa nailoni ukutani. Omba nakala ya mkataba kabla ya kutoa hata shilingi, uusome nyumbani, na kama lugha imekushinda tafuta wa kukusomea ambaye hana fungu kwenye safari hiyo. Uliza pasi ya kusafiria atakaa nayo nani. Kisha tafuta mtu aliyepelekwa na wakala huyo huyo na akarudi, umpigie. Wakala akisema wote bado wako huko na wana raha, basi akupe namba zao.

Kununua ardhi. Kama ni kibanja upande wa Buganda, yaani kiwanja anachokikalia mtu kwenye ardhi ya mwingine, muuzaji anahitaji ridhaa ya mwenye ardhi, na kwa sheria ya ardhi ya 1998 mwenye ardhi ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuziwa. Kama ni ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea, mume hawezi kuiuza bila ridhaa ya mke, wala mke bila ya mume. Watu wananunua kwa bwana, wakija na mbao wanamkuta bibi na panga mlangoni. Nenda kwa mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), lakini usiishie kwake. Zungumza na majirani wa pande zote nne, maana mimea ya mpakani wao ndio waioteshao. Nenda mchana, na urudi tena siku ya mvua uone maji yanapita wapi.

Ndoa. Usiulize kama anaswali tu, uliza anavyosema na watu akiwa hana pesa. Uliza anadaiwa na nani. Nendeni mkapime damu pamoja. Kama aliwahi kuoa au kuolewa, yule wa kwanza ana la kusema; ligawe kwa mbili, lakini lisikie.

Mtoto akizidiwa usiku, hapo ngamia ni boda. Mpeleke hospitali, dua utasoma njiani.

Katika hatua hii nusu ya maswali hufa yenyewe. Si jambo dogo. Mtu anakuja akisema amekosa ishara, kumbe hajapiga simu moja.

Hatua ya nne: shauriana, na uchague wa kushauriana naye

Hapa nitakaa kidogo, maana kuna kisa ambacho kwa maoni yangu kinatosha kuwa mwongozo peke yake. Kimo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim.

Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham, nchi ya Syria na jirani zake. Alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wa jeshi wakiongozwa na Abu Ubaida wakaja kumpokea na habari mbaya: tauni imeingia Sham. Aende au arudi? Huyu ni khalifa, na Mtume amekufa si miaka mingi iliyopita. Umar akasema niitieni Muhajirina, yaani waliohama kutoka Makka. Wakaja, wakatofautiana: wengine umetoka kwa jambo usilirudie nyuma, wengine usiwapeleke masahaba kwenye maradhi. Akawaambia haya, ondokeni. Niitieni Ansari, wenyeji wa Madina waliowapokea. Nao wakatofautiana vile vile. Ondokeni. Niitieni wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka. Hao hawakutofautiana hata wawili: warudishe watu.

Umar akatangaza kwamba asubuhi anarudi. Abu Ubaida akamwuliza: "Unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu?" Umar akajibu kwamba angependa mwingine ndiye aseme hayo, si yeye. Kisha akasema: "Ndiyo. Tunakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu." Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na mwingine mkavu. Akichunga penye majani si kachunga kwa kadari? Na akichunga pakavu si kadari vile vile?

Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye alikuwa na haja zake na hakuhudhuria mashauri yote yale. Akasema mimi nina ujuzi katika hili. Nimemsikia Mtume (s.a.w.) akisema: mkisikia tauni iko katika nchi msiende, na ikitokea katika nchi nanyi mmo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akaondoka. Hilo ndilo jibu la wale wa msiba wa Mubende.

Tazama mpangilio wake. Hakuna aliyeota. Uongozi ulikuja, tena kwa maneno ya Mtume mwenyewe, lakini ulikuja baada ya mashauri matatu, baada ya uamuzi kutangazwa, na ulibebwa na mtu ambaye hakuwepo kikaoni. Kama Umar angekaa Sargh akingoja ishara, sijui.

Sasa wewe utamwita nani? Watu watatu wanatosha. Mmoja anayelijua jambo lenyewe: muulize mwenye duka habari za duka, usimuulize mjomba kwa kuwa ni mjomba. Mmoja anayekupenda kiasi cha kukuudhi. Na mmoja ambaye uamuzi wako hautampa wala kumnyima chochote, huyu ni adimu na ndiye utamchelewesha kumtafuta. Waulize mmoja mmoja. Ukilitupa swali kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo utapata emoji za mikono 40 na maoni ya shangazi aliye Mombasa, na usiku hutalala.

Kanuni moja ya ziada: ukigundua unamtafuta mtu wa nne kwa sababu watatu wa kwanza wamekuambia usilotaka kusikia, hapo huombi ushauri tena. Unatafuta ruhusa.

Hatua ya tano: rakaa mbili na dua

Uwe na udhu. Uswali rakaa mbili zisizo za faradhi. Maulamaa wa Kishafi, ambao ndio wengi tunaowafuata huku, wanasema hata sunna ya kabla au baada ya faradhi inatosha ukiitilia nia, kwa hiyo mama mwenye mtoto mgongoni na sufuria motoni anaweza kutumia sunna ya magharibi. Wamependekeza Qul ya ayyuhal-kafirun katika rakaa ya kwanza na Qul huwallahu ahad katika ya pili. Ukisoma nyingine hakuna tabu.

Wakati: kuna nyakati swala ya namna hii inachukiza. Baada ya alfajiri mpaka jua lipande kiasi cha mkuki, baada ya alasiri mpaka magharibi, na jua linapokuwa utosini. Sisi tuko karibu na ikweta, nyakati zetu hazihamihami sana mwaka mzima: jua hufika utosini kati ya saa sita na nusu na saa saba, na huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Usiku wote ni wako, na theluthi ya mwisho ndiyo bora, nyumba ikiwa kimya na hata majenereta ya jirani yamechoka.

Ukishatoa salamu, inua mikono, mhimidi Mwenyezi Mungu, mswalie Mtume, kisha soma:

*Allahumma inni astakhiruka bi'ilmika, wa astaqdiruka biqudratika, wa as'aluka min fadhlikal-'adhim. Fa innaka taqdiru wala aqdir, wa ta'lamu wala a'lam, wa anta 'allamul-ghuyub. Allahumma in kunta ta'lamu anna hadhal-amra khairun li fi dini wa ma'ashi wa 'aqibati amri, faqdurhu li wa yassirhu li, thumma barik li fih. Wa in kunta ta'lamu anna hadhal-amra sharrun li fi dini wa ma'ashi wa 'aqibati amri, fasrifhu 'anni wasrifni 'anhu, waqdur liyal-khaira haithu kana, thumma ardhini bih.*

Yaani: Ewe Mola, nakuomba unichagulie kwa ujuzi wako, na unipe uwezo kwa uweza wako, na nakuomba katika fadhila zako kubwa. Wewe unaweza, mimi siwezi. Unajua, mimi sijui. Nawe ndiye mjuzi wa yaliyofichika. Ewe Mola, ikiwa unajua kwamba jambo hili lina kheri nami katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa jambo langu, nikadirie, unirahisishie, kisha unibarikie ndani yake. Na ikiwa unajua kwamba jambo hili lina shari nami katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa jambo langu, liepushe nami, na mimi uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo.

Pale penye "jambo hili" taja lile swali uliloliandika, kwa lugha yako, Kiswahili, Kisamia, Kinubi, Luganda, lolote. Kama dua hujaihifadhi, isome kwenye karatasi, umeshatoka kwenye swala. Mwanamke aliye hedhini haswali, lakini dua anaisoma, na hakosi kitu.

Angalia maneno haya mawili: *liepushe nami, na mimi uniepushe nalo*. Unaomba mlango ufungwe, na unaomba pia moyo wako uondoke mlangoni. Ni maombi mawili, kwa sababu la kwanza bila la pili ni mateso. Waulize walioachwa.

Kurudia? Riwaya ya kurudia mara saba wataalamu wa hadithi wameiona dhaifu, ila kurudia dua hakukatazwi. Mimi nasema rudia mpaka utulie, usirudie mpaka uote.

Hatua ya sita: nyanyuka

Qur'ani katika Al-Imran aya ya 159 imempangia Mtume hivi: shauriana nao katika mambo, na ukishaazimia mtegemee Mwenyezi Mungu. Kuazimia kunatangulia. Kwa hiyo ukitoka kwenye mswala chukua njia ile ambayo uchunguzi na ushauri wako umeielekea, uende nayo hatua moja. Moja tu. Piga simu, omba fomu, nenda ukaone chumba. Dua yako sasa inafanya kazi mbele yako, kwa kurahisisha au kwa kuepusha, na haiwezi kurahisisha safari ya mtu aliyelala.

Jiwekee tarehe. "Nikifika tarehe 20 na haya mawili hayajapatikana, naacha." Bila tarehe, kila kikwazo kitakuwa mtihani wa subira na kila wepesi utakuwa mtego, utazunguka hapo hapo.

Wepesi na uzito navyo visomwe kwa akili. Haramu ikikurahisikia, huo si uongozi; pesa ya wizi nayo huja haraka. Na uzito kidogo si kukataliwa, maana ofisi zetu tunazijua: foleni ya siku mbili si ujumbe kutoka mbinguni. Ninachokiangalia mimi ni kile kinachokataa kila ukikigusa, kwa njia zake zote, huku kingine ambacho hukukitilia maanani kinasogea chenyewe. Ndoto njema ukiiota, furahi, haikatazwi. Usitie tu sahihi mkataba kwa sababu yake.

Giza likiwa ndani yako wewe

Hii haina namba, kwa sababu inaweza kukujia mahali popote hapo juu.

Kuna giza la nje, na kuna la ndani ambalo chakula kinakosa ladha, usingizi unakukimbia mwezi mzima, na kila njia inaonekana inaishia kaburini. Ukiwa humo usiamue makubwa. Usiuze, usiache mke, usihame. Ahirisha kila kinachoahirishika. Ukisikia sauti inakuambia ujidhuru, hata ikija na maneno ya dini, hiyo siyo istikhara na si uongozi. Mwambie mtu usiku huo huo, na kukicha nenda hospitali. Maradhi ya akili yanatibiwa katika hospitali kubwa za mikoa, na ya taifa ipo Butabika, Kampala. Kwenda kwa daktari ni kumfunga ngamia.

Kwa siku hizo dua ndefu haitoki. Ipo fupi, Abu Dawud ameipokea kuwa ni dua ya mwenye dhiki: *Allahumma rahmataka arju, fala takilni ila nafsi tarfata 'ain, wa aslih li sha'ni kullah, la ilaha illa ant.* Ewe Mola, rehema yako ndiyo ninayoitaraji, usiniachie nafsi yangu hata kwa kupepesa jicho, unitengenezee mambo yangu yote, hapana mola ila wewe. Hata hiyo ikikushinda, sema "usiniachie". Inatosha.

Hatua ya saba: kuridhika, nayo ndiyo ngumu

Nilimaliza hatua zangu mwaka ule kwa siku kumi na moja. Mama mkwe nilipomwuliza alisema watoto atawalea, lakini alilia. Wakala nilipomwomba leseni alisema italetwa wiki ijayo. Wiki ijayo akasema iko ofisini Kampala. Nikaomba anwani ya hiyo ofisi, simu ikazimwa na haikuwashwa tena. Katika siku hizo hizo jirani anayehamia Mbale akaniachia jiko lake la chapati, nikaanza kuwapikia madereva wa malori waliokuwa wakisubiri foleni mpakani. Shule zilipofunguliwa zote Januari 2022 nilirudi darasani, chapati nikampa dada yangu, bado anapika.

Ningetamani kukuambia kwamba mambo yakawa wazi, kila mtu akaona hekima. Shoga yangu, yule wa viatu ni safari, alikwenda. Kampuni nyingine, yenye leseni. Alikaa miaka miwili na nusu, hakuteswa, mshahara alilipwa. Karudi amejenga nyumba ya vyumba vitatu na ukuta, ina tangi la maji juu. Mimi bado napanga.

Muslim amepokea hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba likikupata jambo usiseme "lau ningefanya kadha", kwa sababu *lau* hufungua kazi ya shetani. Naijua. Nimewasomesha watoto. Lakini nyumba ile iko njiani kwangu kutoka sokoni, na jioni nikipita pale na unga wangu wa kilo mbili, taa zake zikiwa zinawaka, kile kipande cha mwisho cha dua huwa nakianza kwenye kona ya kwanza ya ukuta. *Thumma ardhini bih.* Siku nyingine nakimaliza kabla sijafika getini, siku nyingine naingia nacho mpaka jikoni kwangu.